Ratiba ya Mtu Mmoja

Kitinda hajafunga hata sanduku lake la safari, mama yake alikuwa ameshaumaliza mtaa mzima. Alianzia bombani, akapita dukani, akamalizia kwa jirani wa nyuma ambaye hawakuwa wakipatana. Lakini habari kama ile mtu huwapa hata wasiompenda. Hao ndio hasa huwapa.

"Mwanangu anaingia redioni," alisema. "Kaeni mkao wa kusikiliza."

Kitinda alikuwa binti, kitinda mimba wa nyumba ile, na jina likamganda hadi ukubwani. Wenzake wanne walishatawanyika, huyu kaolewa, yule kafuata kazi, na baba yao alikuwa kaburini mwaka wa saba. Alipoondoka yeye, nyumbani alibaki mama, kuku kumi na mmoja, na redio. Kabla ya hapo Kitinda alikuwa karani wa shule ya msingi, kiti chake mwenyewe na ufunguo wake wa kabati. Alikiacha, na kabla hakijapoa akakikalia mwingine. Kwa hiyo huko mbele ilikuwa kufa au kupona, maana nyuma hapakuwa tena na pa kurudi, na mtaa wenyewe ulishaambiwa ukae mkao.

Kazi aliyoitiwa haikuwa ya kusema. Ilikuwa ya kupanga. Enzi zile mambo ya kompyuta hayakuwapo. Kila tangazo la biashara lilikuwa na kadi yake, la sabuni kadi yake, la rangi ya nyumba kadi yake, na kadi imeandikwa ni la sekunde ngapi na mteja amelipia litoke mara ngapi kwa siku. Siku nzima ya redio ilikatwa vipande, na katikati ya kipindi na kipindi pakaachwa dakika mbili au tatu. Humo ndimo kadi zilimopangwa, moja baada ya nyingine, mpaka sekunde zijae sawasawa. Ikizidi moja, mtangazaji anakatwa maneno mdomoni. Ikipungua, kituo kinanyamaza hewani, na msikilizaji anapiga redio yake kofi akidhani imekufa. Karatasi ya kesho ilitakiwa iwe imechapwa na kufika kwa watangazaji leo saa kumi alasiri. Siyo saa kumi na dakika moja.

Mkuu wa kitengo hicho cha kupanga alikuwa na jina ambalo duniani waliitwa wawili tu, yeye na babake kabla yake: Bwana Saa. Alivaa saa mbili, moja kila mkono.

"Hii inasema saa," alimwambia Kitinda siku ya kwanza, "na hii inaisuta."

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, ila maneno yake yalikuwa na chumvi. "Sikiliza, Mgeni. Wewe hapa ni mwenye nyumba ya kupangisha. Matangazo ni wapangaji. Kazi yako kuangalia nani anakaa karibu na nani, wasije wakagombana ukumbini. Sabuni mbili usizilaze chumba kimoja. Tangazo la msiba usilifuatishe na watu wanaocheka. Hayo utayajua kwa wiki moja. Lakini liko kubwa kuliko hayo." Akainua kidole. "Usiniulize tangazo linasema nini. Niulize nani analisikia, yuko wapi wakati huo, na ameshika nini mkononi. Ukilijua hilo, nitakupa barua ya kazi. Usipolijua ndani ya miezi mitatu, nitakupa barua nyingine, na sitakuwa na ubaya na wewe."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Miezi mitatu, barua moja katika mbili.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitinda jembe lake alipewa saa hiyo hiyo, lakini ugeni haukumtoka. Jina lenyewe likawa Mgeni. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, hakina dirisha, kina meza, mashine ya kuchapa, ubao wa misumari ya kutundikia kadi, na kipaza sauti kidogo juu ya mlango ambacho hakikuwa na mahali pa kuzimia. Watangazaji walikuwa chumba cha tatu kutoka kwake. Wakicheka, alikisikia kicheko mara mbili, mara moja kupitia ukutani, mara ya pili kupitia kipaza sauti, na mara zote mbili hakujua kilichowachekesha. Walifika mlangoni kwake saa kumi tu, kuchukua karatasi.

"Mgeni, tayari?"

"Tayari."

"Ubarikiwe." Na viatu vikaenda zao.

Mchana alikula mkate na chai mezani pake, akikunja karatasi ya kaboni iliyochakaa kuwa vikofia vidogo. Jioni alirudi chumba alichopanga, cha nne katika safu ya vyumba sita. Upande wa ukuta wa kulia aliishi mshonaji, mwanamke wa makamo, mwenye cherehani isiyonyamaza. Walisalimiana kila asubuhi, "Umeamkaje," "Salama," na salamu zikaishia hapo hapo miezi miwili. Mtu ambaye hajafanya kazi isiyo na jina nyumbani kwao hawezi kuujua upweke wa namna ile. Mwalimu akiwaandikia wazazi wake, wanajua amesimama wapi na ameshika nini. Wewe unapanga sekunde. Utaanzia wapi?

Kitinda alianzia na simu. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi mama alikwenda dukani kusubiri kupigiwa, na mwenye duka akampisha kwenye kigoda.

"Nimekutegea wiki nzima sijakusikia," mama alisema Jumamosi ya kwanza. "Au unatumia sauti ya kizungu?"

"Mama, mimi sisemi hewani. Mimi ndiye ninayepanga nani aseme saa ngapi."

Kuku wa mtu alilia huko nyuma.

"Yaani wao wanasema, wewe umekaa kimya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe ndiye mkubwa wao," mama akakata shauri, na ndivyo alivyoupelekea mtaa.

Sasa, lile swali la Bwana Saa. Nani anasikia, yuko wapi, ameshika nini. Kitinda aliketi mbele ya ubao wake na kadi mkononi akajiuliza, na kichwani mwake hakuja mtu ila mmoja. Katika mji ule hakuwa na mtu anayemjua hata jina la mtoto wake. Lakini siku ya mama yake aliijua kama anavyoujua mkono wake. Saa moja anakunywa chai akiwa amesimama. Saa mbili anafua, na akifua huweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa. Saa nne anakaa mkekani, anavua kitambaa kichwani, anaisogeza redio karibu; hiyo ndiyo saa anasikia kwa masikio yote mawili. Saa tano na nusu yuko jikoni. Saa nane anajilaza kwa sababu ya mgongo. Saa kumi na moja anawapa kuku chakula chao.

Basi akapanga. Sabuni akaiweka saa mbili. Mafuta ya kupikia saa tano na nusu. Dawa ya kuchua mgongo saa nane. Chakula cha kuku saa kumi na moja. Na wale wateja wakubwa, wenye kulipia mara nyingi, akawapa heshima ya saa nne, saa ya masikio mawili. Mmoja wao alikuwa mwenye kiwanda cha dawa ya viatu. Kitinda hakudhani kwamba anafanya kosa. Alidhani amejibu swali.

Na jibu likarudi kwa simu.

"We mwana wewe!" mama alipiga kelele mpaka mwenye duka akacheka nyuma yake. "Hiyo redio yenu ina akili! Nimeinama tu kufua, sabuni hiyo! Nimefika jikoni, mafuta! Jana nimelala na mgongo wangu, nikasikia, 'Je, mgongo unakusumbua?' Nikajibu, 'Sana!' Peke yangu, chumbani. Nimemwambia jirani, kuna mtu ananiona."

Kitinda aliubana mkono wa simu sikioni. Angeweza kusema, ni mimi. Hakusema. Alihisi kama mtu anayemfunika mwenzake aliyelala. Hutaki aamke akushukuru. Tangu siku ile kazi ikawa na utamu. Asubuhi alipotundika kadi ya sabuni alijisemea kimoyomoyo, mama, shikamoo. Alipotundika ya mgongo alisema, pole. Kipaza sauti cha juu ya mlango hakikuwa tena cha watu wasiomjua. Kilikuwa kinapeleka salamu zake. Alikula mkate wake saa saba akijua kwamba saa nane watakuwa pamoja.

Mwezi wa tatu ulipoingia, mwenye dawa ya viatu alikuja mwenyewe. Mtu mfupi, mnene, viatu vimeng'aa mpaka inzi angeteleza. Alimkuta Bwana Saa amesimama mlangoni pa Kitinda.

"Miezi miwili tangazo langu linalia," alisema, "na makopo yamelala madukani kama wagonjwa. Linatoka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee," Kitinda akajibu kwa kujiamini. "Ndiyo saa nzuri kuliko zote."

"Nzuri kwa nani?"

Kitinda akageuka kuutazama ubao wake wa misumari.

"Saa nne asubuhi viatu vya mji huu vyote viko miguuni, binti! Wenye viatu wako makazini! Sasa hilo tangazo langu linawaambia nani? Kuta?" Akamgeukia Bwana Saa. "Mwisho wa mwezi huu nikiyaona makopo bado yamelala, nahama."

Alipoondoka, Bwana Saa aliomba nakala za karatasi za miezi miwili. Akazipanga chini sakafuni, safu kwa safu, mpaka chumba kikajaa, akavua viatu akatembea katikati yake polepole, mikono nyuma, saa zake mbili zikigonga. Kitinda alibanwa kwenye kona na mashine yake ya kuchapa. Mara Bwana Saa akachuchumaa.

"Mgeni. Huyu ni nani?"

"Nani, Mkuu?"

"Huyu mwanamke. Anafua saa mbili. Anapumzika saa nne. Anapika saa tano na nusu, chakula kidogo, maana hana anayemsubiri. Hana mume wa kwenda kazini, hana mtoto wa shule. Anafuga kuku. Saa nane mgongo unamuuma." Akainua macho. "Nauliza ni nani."

Machozi yakamlenga Kitinda, lakini akayameza. "Ni mama yangu, Mkuu."

Bwana Saa alibaki amechuchumaa muda mrefu, akiiangalia karatasi kama mtu anayeangalia picha.

"Mgongo umeanza lini?"

"Zamani. Alikuwa akibeba kuni."

"Mm." Akainuka, magoti yakalia. "Miaka ishirini na mbili niko kwenye kazi hii. Sijaona ratiba inayomjua mtu hivi. Kazi nzuri sana, na ni ya kutupa. Kituo hiki kinasikilizwa na maelfu, wewe umempikia mmoja. Una wiki tatu na nusu kabla ya siku ya barua. Niletee ratiba ya watu wengine."

"Siwajui watu wengine, Mkuu."

"Basi kajuane nao," alisema, akavaa viatu vyake.

Kitinda akaingia mitaani na daftari. Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na Jumapili kutwa. Alisimama kwenye geti la kiwanda cha mbao, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, akisikiliza redio inalia wapi na nani kaitegea sikio. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kitinda aligundua kwamba vitanda vyote vya mji ule hakuwa amevilalia. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni. Kinyozi alimuuliza kama anatoka idara ya kodi. Wapakiaji wa mbao walimuuliza kama anatafuta mchumba, na kama ndivyo, achague, wote wako tayari isipokuwa yule mwenye kofia, ana wake wawili na hajui wa kwanza yuko wapi. Walicheka, naye akacheka nao, halafu lori likaja wakaondoka, akabaki na daftari.

Fundi viatu wa kona alimjibu bila kuinua kichwa.

"Viatu hupakwa dawa saa ngapi, baba?"

"Swali gani hilo? Saa kumi na mbili asubuhi, mtu amechelewa anakipaka huku anakivaa. Na Jumapili jioni, kujiandaa na wiki. Wakati mwingine wowote kiatu kina mtu ndani."

"Na redio unasikiliza?"

"Jioni. Mchana nyundo inasema kuliko redio." Akajinyoosha, akajishika kiuno. "Jioni ndiyo saa mgongo unaponikumbusha umri wangu."

Kitinda akaandika. Mkono ukasita kidogo, kisha ukaandika.

Iliyomchoma zaidi haikutoka mbali. Jioni moja alibisha hodi kwa mshonaji wa ukuta wa kulia. Mara ya kwanza kuingia. Chumba kilikuwa kimejaa vitambaa, na redio juu ya rundo la magazeti.

"Unasikiliza kituo gani, dada?"

Mshonaji akataja kile cha washindani wao. "Kile kingine nilikuwa nakisikiliza, nikakiacha. Kile cha vikongwe."

"Cha vikongwe?"

"Si unakijua? Kutwa mgongo, kuku, sabuni, kuku tena. Sisi tunaoshona kuanzia asubuhi hawatuoni kabisa. Utadhani huo mji mzima ni ajuza mmoja amekaa mkekani." Akakata uzi kwa meno. "Kwani wewe unafanya kazi wapi? Miezi yote hii hujawahi kusema."

Kitinda akasema anafanya kazi ya kuchapa. Ulikuwa ukweli nusu, na ile nusu nyingine akarudi nayo chumbani kwake. Hakuudhika kwa ajili yake mwenyewe. Aliudhika kwa sababu ya ule mkeka wa mama yake.

Ratiba mpya ilimchukua siku nne. Dawa ya viatu ikaenda saa kumi na mbili asubuhi na Jumapili jioni. Saa nne ikapewa nyuzi, vitambaa na vipuri vya cherehani, kwa sababu saa nne, kumbe, mji ulikuwa umejaa watu walioinama kwenye kazi za mikono na redio kando yao. Mafuta ya kupikia yakasogezwa hadi jioni, wanawake wa viwandani wanapopita sokoni. Chakula cha kuku kikaenda alfajiri, ndiyo saa wafugaji wakubwa wanapoamka. Kadi moja baada ya nyingine aliitoa kwenye msumari wa mama yake akaitundika kwa watu.

Ikabaki ya dawa ya mgongo.

Aliishika tangu saa nane mpaka saa kumi kasoro robo. Ilikuwa kadi ndogo, ya sekunde thelathini. Nani angejua? Bwana Saa mwenyewe huenda angeiona akanyamaza. Alikuwa ameuliza habari za mgongo ule. Sekunde thelathini katika siku nzima ya redio, ni nini? Angeziacha hapo saa nane, mama angejibu "Sana!" peke yake chumbani, na wote wawili wangeishi. Lakini daftari lilikuwa wazi mezani. Fundi viatu alikuwa humo, na wapakiaji wa mbao, na dobi, na yule mama wa foleni ya maji anayebeba ndoo mbili, na migongo yao wote ilikuwa ikiuma saa kumi na mbili jioni. Saa nane hapakuwa na mtu. Saa nane alikuwapo mmoja tu.

Akaitundika jioni. Akachapa. Saa kumi kamili viatu vikafika mlangoni.

"Mgeni, tayari?"

"Tayari."

Makopo yaliamka. Mwenye dawa ya viatu hakuja tena, na mteja asipokuja ndiyo sifa yenyewe. Siku ya barua, Bwana Saa alimwita, akamkabidhi bahasha, akasubiri aifungue. Ilikuwa ile njema. Akampa mkono, mkono wenye saa inayosuta.

"Kuanzia leo hatukuiti Mgeni," alisema. "Tutakuita nani?"

"Nyumbani wananiita Kitinda."

"Kitinda," Bwana Saa akarudia, akaenda zake, na ujia ukawa kimya kama jana.

Jumamosi akapiga simu. Mama alipiga vigelegele mle mle dukani, mwenye duka akadakia, wateja wakauliza kuna harusi ya nani. Mpaka vilipotulia, Kitinda alikuwa amesogeza simu mbali na sikio mara mbili, huku anacheka.

"Sasa mwanangu," mama akasema kwa sauti ya chini, "lipo neno nataka kukuambia, lakini usinikasirikie."

"Sema, mama."

"Hiyo redio yenu siku hizi imenisahau. Nafua, haisemi kitu. Nalala, haijali. Sijui mmemfukuza nani, lakini yule mtu aliyekuwa ananiona hayupo tena. Nimejaribu kuvumilia kwa ajili yako." Akapumua. "Nimehamia ile nyingine. Saa nne wanasoma hadithi."

Kitinda aliuegemea ukuta wa kibanda cha simu. Nje watu walikuwa wakipita, na baadhi yao sasa alijua saa wanazoamka na saa wanazochoka.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, mama. Hadithi nzuri?"

"Nzuri. Kuna mwanamke mkorofi humo, utampenda."

"Inaisha saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo."

"Na baada ya hapo, mpaka uingie jikoni, unafanya nini?"

Mama akafikiri. Kitinda akafungua daftari lake, akasikia mizani ya duka ikigongwa.

"Hapo katikati?" mama akasema. "Hapo nakaa tu."